Mfupa Unaoota Nyumbani

Tuseme kijana wa Ikolomani ameanguka kutoka juu ya mparachichi mwezi wa tatu. Majirani wanambeba juujuu hadi barabarani, anafikishwa katika hospitali kuu ya kaunti mjini Kakamega, na huko picha zinaonyesha kwamba pingili ya mgongo imevunjika. Ugwe mgongo, ile kamba ya neva inayopita ndani ya uti, umeumia. Analazwa mwezi mzima. Kidonda cha makalio kinaanza kufunga, mama yake anafundishwa kumgeuza na kutunza mpira wa mkojo, kisha wanaruhusiwa kwenda nyumbani. Wiki mbili baadaye paja la kulia linavimba na kupata joto. Jioni kuna homa kidogo. Mama anawaza malaria, jirani anasema ni damu mbaya, mkandaji anaitwa aje na mafuta yake. Kufikia mwezi wa nane kijana hawezi tena kuketi kwenye kiti cha magurudumu, maana nyonga imekataa kukunjika. Anarudishwa hospitalini, na eksirei inaonyesha mfupa mpya kabisa, umeota ndani ya nyama mbele ya nyonga na kuufunga mguu kama komeo.

Kijana huyo nimemtunga mimi. Tarehe zake sikuzitunga. Mfupa wa aina hii kwa kawaida huanza kuota kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili baada ya ajali, na mara chache huanza baada ya miezi sita. Hizo ndizo wiki ambazo mgonjwa wa kwetu anatoka wodini na kurudi kijijini. Nimeutazama ugonjwa huu kwa pande zake zote, nami naona kwamba shida yetu kubwa si ukosefu wa wapasuaji wala wa mashine. Mfupa huu unaota wakati ambapo hakuna aliyepewa kazi ya kuuangalia.

Madaktari wana jina refu la Kigiriki na Kilatini kwa hali hii, nao hulifupisha kuwa HO. Hapa nitauita mfupa mgeni. Si saratani. Si chumvi iliyoganda, wala si mfupa wa zamani uliovunjika ukaunga vibaya. Ni mfupa kamili, wenye mishipa ya damu na hata uboho ndani yake, isipokuwa umejengwa mahali pa nyama. Hukaa chini ya usawa wa jeraha la mgongo, kuzunguka viungo vikubwa: nyonga kwanza, kwa mbali, halafu goti. Kwa walioumia shingo, kiwiko na bega pia huweza kufungwa.

Waliouandika kwa kina mara ya kwanza walikuwa Augusta Dejerine-Klumpke na mwenzake Ceillier, mjini Paris, mwaka 1918. Waliwachunguza askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliopooza kwa risasi na vipande vya mabomu, wakaukuta mfupa huu kwa karibu nusu yao. Tangu hapo hesabu zimetofautiana sana. Tafiti nyingine zinautaja kwa mtu mmoja kati ya kumi walioumia ugwe mgongo, nyingine zinapita nusu, kutegemea aliyetafuta na chombo alichotumia. Wanaofikia hatua ya kiungo kufungwa kabisa ni wachache, chini ya mmoja kati ya kumi. Ila kwa huyo mmoja, maisha yote yanabadilika kwa mara ya pili.

Ili uone uzito wake, fikiria kazi ya nyonga. Mtu asiyeweza kutembea anaishi kwa kuketi. Kiti cha magurudumu kinataka nyonga ikunjike hadi pembemraba au karibu yake. Nyonga ikiganda ikiwa imenyooka, mtu hawezi kuketi sawasawa. Atateleza, uzito wote utaangukia mfupa wa mkia, na pale patafanyika kidonda. Kidonda kikifika kwenye mfupa, usaha huingia, na usaha ndio unaoua. Mapaja yakifungwa yakiwa yamebanana, mwanamke hawezi kuwekewa mpira wa mkojo bila mateso, wala hawezi kusafishwa vizuri. Kupanda matatu ya kwenda Shinyalu kunakuwa shughuli ya watu wanne. Yule aliyekuwa ameanza kujivuta mwenyewe kutoka kitandani hadi kwenye kiti anarudi kuwa wa kubebwa.

Kwa nini mwili ujenge mfupa mahali pasipotakiwa? Sehemu ya jibu imetoka kwa panya. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa na Australia walionyesha kwamba panya aliyekatwa ugwe mgongo peke yake haoti mfupa mgeni, na panya aliyeumizwa msuli peke yake haoti vilevile. Yote mawili yakimpata panya mmoja, msuli unageuka mfupa. Seli za kinga zinazokimbilia jeraha, zile ziitwazo makrofaji, zinaendelea kupiga kelele ya uvimbe bila kunyamazishwa, na seli changa zilizomo ndani ya msuli zinatengeneza gegedu, kisha mfupa. Panya si binadamu, lakini matokeo hayo yanafanana mno na yanayoonekana wodini. Wanaopatwa zaidi na mfupa mgeni ni wale ambao ugwe umeharibika kabisa, wenye misuli inayokakamaa, wenye vidonda vya kulalia, wenye maambukizi ya mkojo na ya mapafu, na wenye damu iliyoganda kwenye mishipa ya mguu. Jeraha la ugwe linaandaa shamba, na kila uvimbe unaofuata unapanda mbegu.

Hapo ndipo uuguzi wa kawaida unapoonekana kuwa dawa. Kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili kunazuia kidonda. Kutunza usafi wa mpira wa mkojo kunazuia usaha kwenye kibofu. Ludwig Guttmann alipofungua wodi ya majeruhi wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, hakuwa na dawa ya ajabu. Alikuwa na ratiba ya kugeuza watu usiku na mchana, na aliwasimamia wauguzi waifuate. Watu waliokuwa wakifa kwa miezi wakaanza kuishi miaka.

Jambo moja linawachanganya sana wagonjwa na ndugu zao. Mifupa ya asili ya mtu huyu, ya paja na ya goti, inapungua uzito mwezi baada ya mwezi kwa sababu haibebi mwili, hata inaweza kuvunjika kwa kuvutwa vibaya kitandani. Papo hapo, kando yake, mfupa usiotakiwa unanenepa. Wengine wakisikia hivyo wanaacha kumpa mgonjwa maziwa na omena, wakidhani chakula chenye madini ndicho kinacholisha mfupa mgeni. Ni kosa. Mfupa mgeni hautokani na chakula, na kumnyima lishe kunadhoofisha ngozi yake na kuchelewesha vidonda kupona.

Na maumivu? Tunasema mfupa huu unauma, na kwa wengi unauma kweli, hasa wale ambao ugwe haukukatika wote na bado wana hisia. Kwao maumivu ni ya ndani, ya kutwanga, yanayozidi kiungo kinapokunjwa, tofauti na yale ya kuchoma na kurusha kama umeme ambayo hutoka kwenye neva zenyewe. Kutofautisha ni muhimu, maana dawa zake si zilezile. Asiye na hisia kabisa chini ya kifua hatahisi chochote, na hapo mwili hutafuta njia nyingine ya kusema. Misuli inaanza kukakamaa kuliko wiki iliyopita. Usingizi unapotea. Kwa aliyeumia juu, kuanzia kifuani kwenda shingoni, shinikizo la damu linaweza kupanda ghafla, kichwa kikagonga, uso ukatoa jasho. Watu hawa kwa kawaida wana shinikizo la chini, hivyo kipimo cha 150 ambacho kwa jirani ni cha kufuatilia tu, kwao ni dharura. Mtu aketishwe wima mara moja, nguo zilegezwe, mpira wa mkojo uangaliwe kama umeziba, na gari litafutwe.

Dalili ya mapema kuliko zote, hata hivyo, haihitaji mashine wala elimu ya chuo. Kiungo kinapungua mwendo. Goti lililokuwa likifika karibu na kifua Jumatatu, Jumatatu inayofuata linaishia nusu njia. Anayeweza kuona hilo ni yule anayekikunja kiungo kila siku, naye kwa kawaida ni mama, mke au dada. Wao ndio wachunguzi wa kwanza wa ugonjwa huu katika kaunti nzima, na mara nyingi wanatumwa nyumbani bila kuambiwa hivyo.

Mguu uliovimba na kupata joto unaweza pia kuwa na damu iliyoganda, na damu hiyo ikichomoka ikaenda mapafuni inaua kwa dakika. Unaweza kuwa na usaha. Unaweza kuwa na mfupa uliovunjika bila mgonjwa kujua. Kwa hiyo mguu wa namna hiyo haukandwi, si kwa mafuta wala kwa maji moto, mpaka uchunguzwe. Wakandaji wetu ninawaheshimu; wamewasaidia wengi walioteguka. Lakini mguu wa aliyeumia ugwe mgongo ni jambo jingine. Kuuminya kwa nguvu kunararua nyuzi za msuli, na tumeona msuli ulioraruka unavyoweza kugeuka.

Hospitalini, kosa la kawaida ni kupiga eksirei, kuiona safi, na kumrudisha mtu nyumbani. Mfupa mgeni unapoanza bado ni laini, na eksirei huchelewa wiki kadhaa kuuona. Kipimo kilichosifiwa kwa miaka mingi ni cha kudunga mwilini dawa ya nyuklia na kupiga picha kwa awamu tatu, na kwa hicho inabidi kusafiri mbali. Ila mashine ya ultrasaundi, hiyohiyo inayotazama watoto tumboni, inaweza kuona mabadiliko ndani ya msuli kabla ya eksirei, na katika kikao hichohicho ikatazama kama kuna damu iliyoganda mshipani. Damu ya mgonjwa nayo hupimwa kimeng'enya kiitwacho alkalini fosfatesi, ambacho hupanda mfupa unapojengwa. Kimo katika orodha ya kawaida ya vipimo vya ini ambayo maabara za hospitali za kaunti hufanya. Hakitoi hukumu peke yake, kwa kuwa mfupa wa mgongo unaojiunga pia hukipandisha, lakini kikiwa juu na mguu una joto, kuna sababu tosha ya kutorudi nyumbani siku hiyo.

Sasa tiba. Iliyo rahisi kuliko zote ni ya kuzuia, na dawa yake ni ya zamani: indomethasini, ya kundi la dawa za kutuliza uvimbe, ambayo maduka ya dawa ya Kakamega huiuza kila siku kwa wenye maumivu ya viungo. Mwaka 2001 Banovac na wenzake, huko Miami, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio la watu 33 waliokuwa wameumia ugwe karibuni. Karibu nusu walipewa miligramu 75 kwa siku kwa wiki tatu, waliobaki wakapewa kidonge kisicho na dawa. Wasiopewa dawa, asilimia 65 waliota mfupa mgeni. Waliopewa, asilimia 25. Watu 33 ni wachache, na singependa mtu ajenge nyumba juu ya msingi huo peke yake. Pia dawa hii inachoma tumbo, inalemea figo, inaweza kuongeza kuvuja damu kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na wapasuaji wengine huiogopa wanapotaka mfupa uliofungwa vyuma uungane. Ndugu yake, rofekoksibu, alionyesha faida kama hiyo katika jaribio jingine, kisha akaondolewa sokoni duniani kote mwaka 2004 kwa kuhatarisha moyo. Maamuzi haya ni ya daktari anayejua figo na tumbo la mgonjwa. Asiende mtu dukani kununua kwa kusoma makala haya. Ninachodai ni kwamba swali liulizwe wodini, kwa kila mgonjwa, kabla ya wiki ya tatu kupita.

Mfupa ukishaanza, kuna dawa za kundi la bisfosfoneti. Iliyochunguzwa zaidi ni etidroneti, ambayo huzuia madini yasikae kwenye mfupa mchanga. Inasaidia ikianzwa picha ya nyuklia ikiwa imeonyesha tatizo na eksirei ikiwa bado safi. Baada ya hapo faida inapungua sana, na ikisimamishwa madini huweza kurudi. Mionzi pia hutumika, dozi moja ya grei 7 au 8, ama mapema ama baada ya upasuaji ili mfupa usirudi. Kwa mtu wa Kakamega mionzi huweza kuwa na maana ya safari ya Eldoret, kilomita mia hivi, akiwa amelala kwenye gari. Kwa kijana wa miaka ishirini kuna pia wasiwasi wa kumwekea mionzi kwenye nyonga, na si wasiwasi mdogo.

Upasuaji ni njia ya mwisho, na hapa wataalamu wenyewe wamebadili mawazo. Kwa miongo mingi kanuni ilikuwa kungoja mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, mpaka mfupa ukomae na kimeng'enya kishuke, ili usiote tena. Wapasuaji wa hospitali ya Raymond-Poincaré huko Garches, karibu na Paris, ambao wameondoa mifupa hii kwa mamia ya wagonjwa, wameonyesha kwamba kungoja hakupunguzi hatari ya kurudi, na kwamba kiungo kilichofungwa muda mrefu huharibika ndani, gegedu likaisha na mfupa wa asili ukawa kama chaki. Nakubaliana nao, hasa kwa mazingira yetu. Mwaka wa kungoja kwa mtu mwenye muuguzi wa nyumbani na godoro la hewa si sawa na mwaka wa kungoja juu ya godoro la sifongo huko Khwisero. Hata hivyo operesheni yenyewe ni nzito. Mfupa mgeni huweza kuuzingira mshipa mkubwa wa paja na neva yake. Damu humwagika kwa wingi, kidonda huingia usaha kwa urahisi, na mfupa wa asili uliodhoofika huvunjika mikononi mwa mpasuaji. Inahitaji picha za CT za kupangia njia, damu iliyohifadhiwa tayari, na wiki nyingi za fiziotherapia baadaye. Asiye na kidonda kinachotoa usaha ndiye hupelekwa. Mwenye kidonda kwanza kifungwe.

Kuhusu fiziotherapia palikuwa na hofu ya zamani: kwa kuwa kumvuta sungura mguu kwa nguvu kuliwahi kumwotesha mfupa, baadhi ya walimu walifundisha kwamba kiungo kilichovimba kiachwe kimya. Leo ushauri ni wa katikati. Kukunja na kunyoosha taratibu, kila siku, hadi pale kiungo kinapokubali, bila kukilazimisha kupita hapo. Ukiacha kabisa, misuli na kano zinajifunga zenyewe hata pasipo mfupa.

Turudi basi kwenye tarehe. Kenya ina hospitali moja ya taifa ya rufaa kwa majeruhi wa mgongo, nayo iko Nairobi, zaidi ya kilomita 350 kutoka Kakamega. Vitanda vyake ni vichache kwa nchi nzima. Mwaka 2012 daktari wa mifugo Zack Kimotho, aliyepooza baada ya kupigwa risasi na majambazi, alitoka Nairobi kwa kiti chake cha magurudumu akielekea Afrika Kusini, ili Wakenya wachange shilingi milioni 250 za kujenga kituo cha kuwarejesha majeruhi wa mgongo katika maisha. Wengi tulimfuata kwenye televisheni, tukatuma pesa kwa simu. Alisukuma kile kiti barabarani ili kutuonyesha pengo kati ya wodi na nyumbani. Mfupa mgeni unaishi ndani ya pengo hilohilo.

Kwa Kakamega, pengo linaweza kupunguzwa kabla jengo lolote halijajengwa. Chini ya Katiba ya 2010 hospitali za kaunti na afya ya msingi ziko mikononi mwa serikali ya kaunti. Tangu Septemba 2023 nchi ina wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, waliopewa mikoba yenye vipimajoto na mashine za shinikizo la damu. Mhamasishaji wa Lurambi au Malava anajua kila boma lenye mtoto mchanga na kila mgonjwa wa kifua kikuu. Hakuna gharama kubwa ya kumwongezea boma lenye mtu aliyeumia mgongo, kumfundisha maswali matatu ya kuuliza kila wiki, na kumpa namba ya simu ya mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali kuu. Je, goti linafika lilipofika wiki iliyopita? Je, kuna joto au uvimbe juu ya goti au kwenye nyonga? Je, kukakamaa kumezidi? Jibu baya kwa swali lolote liwe tiketi ya kurudi hospitalini bila kupanga foleni mpya.

Naiomba idara ya afya ya kaunti iandike jambo hili kwenye karatasi ya kumtoa mgonjwa wodini: tarehe ya wiki ya sita na tarehe ya wiki ya kumi na mbili, pamoja na jina la atakayemkunja nyonga siku hizo. Na wewe unayemuuguza mtu wako nyumbani, usingoje karatasi hiyo. Kesho asubuhi, kabla ya uji, mlaze chali, kunja goti lake taratibu kuelekea kifuani, na uandike kwenye kalenda lilikofika.